Mjomba anasema tumfungie chumbani mpaka unga umtoke

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Mbagala na mama yetu, wanangu wawili na mdogo wangu wa kiume ambaye ana miaka 27. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kila jambo la nyumba hii linaniangukia.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya mtaani kwetu kayatengeneza yeye. Alianza na bangi na wenzake, tukawa tunagombana naye, yanaisha. Halafu vitu vikaanza kupotea ndani: pasi, mtungi mdogo wa gesi, mara vitenge vya mama vilivyokuwa sandukuni, hata havijashonwa. Siku niliyojua kwamba si bangi tena, ni unga, yaani heroini, tulikuwa tunakula. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, mkono ukabaki hewani, macho yamefumba, mchuzi unamdondokea kwenye suruali. Mwanangu mdogo akacheka, akadhani mjomba wake anamfanyia mchezo. Siku hizi anavaa mikono mirefu na joto hili la Dar, na ndimu nikinunua hazikai siku mbili, kumbe anayeyushia unga.

Mjomba wetu alisema hicho ni kiburi tu, mtu akifungiwa wiki moja unga unamtoka. Tukamfungia chumba cha uani. Alitapika, akaharisha, akagaagaa sakafuni akisema mifupa inavunjika, usiku kucha anagonga mlango akimwita mama. Siku ya nane akatoka, akamwomba mama msamaha, akala, akarudi kazini. Tukamshukuru Mungu. Kabla mwezi haujaisha akaletwa usiku na bajaji, wenzake wamembeba, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa mbali. Walikuwa wanammwagia maji na kumzaba makofi. Mungu si Athumani, akazinduka. Hospitali hatukumpeleka kwa kuogopa polisi.

Sasa mjomba anataka tumfungie tena, safari hii mwezi mzima. Mama anataka kuuza kiwanja cha Chanika alichotuachia baba ampeleke soba hausi, nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya, ambako wanataka hela ya miezi sita kwa mkupuo. Jirani yetu mtoto wake anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kliniki ya Temeke, anatushauri tumpeleke huko, ila watu mtaani wanasema huo ni unga wa serikali, ukiingia hutoki. Mwenyewe akiwa na nafuu anasema, “Dada, nimechoka, nisaidieni.” Akizidiwa anasema tumwache na maisha yake. Akikosa hela ya kete ya unga anakunywa gongo na kumeza valiamu, vile vidonge vya kutuliza, sijui anavinunua wapi. Na mama amekuwa akimlipia madeni ya watu wanaokuja kugonga mlango.

Lingine ni la aibu. Kila asubuhi nampa elfu tatu. Nampa ili asiibe, na ili nisimwone akiteseka na arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Je, mimi ndiye ninayemuua? Nimfukuze? Mchumba wangu amesema hawezi kuoa kwenye nyumba yenye teja. Na mama anataka Ramadhani ikifika mtoto awe safi, afunge kama wenzake.

Nipe ukweli mama, hata ukiwa mchungu.

Dada mkubwa, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole, na pole mfikishie mama.

Nianze na usiku ule wa bajaji. Katika barua yako yote, hapo ndipo mdogo wako alipokuwa jirani na kaburi, na wewe umeupitia kwa mistari michache ukaenda kwenye habari ya kiwanja. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana ukikielewa, maswali yako mengine yatajijibu nusu.

Mtu anayetumia unga kila siku mwili wake huuzoea. Kiasi ambacho kingekuua wewe leo, yeye anajidunga na kurudi kazini kuchomelea geti. Ila mazoea hayo hayakai. Akikaa siku chache bila kutumia, mwili unaanza kusahau, na wiki zikipita unasahau kabisa. Mdogo wako alitoka kwenye kile chumba cha uani akiwa na mwili mgeni na kumbukumbu ya zamani. Aliporudi maskani, kule kijiweni kwa wenzake, alijipimia kiasi kile kile alichokizoea, na kiasi hicho kikamzidi mpaka pumzi zikataka kukatika. Ndiyo maana hatari ya teja kufa hupanda sana anapokaa bila kutumia kisha akarudia. Wengi hufa wiki za mwanzo baada ya kutoka jela, baada ya kutoka soba hausi, baada ya kufunguliwa mlango na ndugu waliowapenda. Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba ni hapana. Wiki moja ilitaka kumuua, na mwezi ni hatari zaidi.

Na likitokea tena, maana linaweza kutokea: mtu aliyezidiwa na unga haamki ukimwita wala ukimfinya, anapumua kwa nadra au anakoroma kwa mbali, midomo na kucha zinabadilika rangi, mboni za macho zimesinyaa zikawa nukta. Msimmwagie maji, msimnyweshe maziwa wala kitu chochote. Kama hapumui vizuri, mlazeni chali, inueni kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi, na mtafute usafiri huku mkiendelea. Akishapumua mwenyewe mlazeni ubavu asipaliwe na matapishi. Hospitali kuna dawa inaitwa naloksoni. Ikidungwa inazima nguvu za unga ndani ya dakika chache tu. Shida yake ni kwamba nayo huisha mapema kuliko unga, hivyo anaweza kuzinduka, akatukana kila mtu, akataka kwenda nyumbani, na baada ya saa moja akazama tena. Abaki pale pale. Hofu ya polisi naijua, nimeiona ikiwarudisha watu nyumbani na ndugu yao mgongoni. Ukifika, mwambie daktari moja kwa moja ametumia nini na amechanganya na nini. Ukificha unamchelewesha.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana hakuwa mwongo. Alichosema ni nusu ya kweli. Arosto huanza saa nane hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho: mafua, machozi, miayo isiyoisha, vinyweleo kusimama, kisha tumbo, mifupa na kutolala. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Baada ya wiki hivi imepungua. Kwa kijana mwenye afya arosto ya unga yenyewe ni nadra kuua, ikiwa anapata maji ya kunywa na chumvichumvi ya kurudisha yanayotoka kwa kuhara. Mpaka hapo mjomba yuko sawa. Nusu iliyobaki ndiyo haijui. Mdogo wako alipotoka siku ya nane arosto ilikuwa imekwisha, na bado alirudi. Kilichomrudisha ni kingine.

Kila mwili una dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu na kutupa raha ya kawaida, ile ya kula ukashiba, ya kumaliza kazi, ya kukumbatiwa na mtoto. Unga ukiingia kila siku kwa miaka, ubongo unaacha kutengeneza vyake vya kutosha, kwani kuna wa kuuletea. Ukiondoa unga ghafla, mtu anabaki na mwili usio na raha yoyote. Chakula hakina ladha, usingizi hauji, jambo dogo linaliza. Hali hiyo haiishi kwa wiki. Huchukua miezi, na kwa wengine zaidi. Katikati ya miezi hiyo anapita mtu wa kijiweni, au anaona karatasi ya silva ya pakiti ya sigara, au ndimu iliyokatwa, na kichwa chote kinageuka. Hapo humwoni anatapika, kwa hiyo mnadhani amepona na amerudi kwa kiburi. Mwanangu, kiburi kingekuwa kinamfanya mtu auze vitenge vya mama yake, basi Dar nzima isingekuwa na kitenge.

Ndiyo sababu nakushauri jirani yenu msikilizwe. Nami sitakudanganya kwamba methadoni haina undugu na unga. Ni ukoo mmoja. Wanaosema “unga wa serikali” wameona undugu huo wakaishia hapo. Tofauti iko kwenye namna inavyofanya kazi mwilini. Unga ukidungwa unapanda kichwani kwa sekunde na kushuka baada ya saa chache, hivyo mtumiaji anashinda akipanda na kushuka, na kila akishuka anatafuta hela. Methadoni inanyweka, inapanda polepole, na dozi moja inakaa mwilini zaidi ya saa 24. Dozi ikishapatikana sawasawa, haimpi stimu wala haimwachi aingie arosto. Na kwa kuwa imekalia sehemu ile ile ya ubongo ambayo unga huitafuta, akijidunga juu yake hapati alichokizoea. Watumiaji wenyewe watakwambia: unapoteza hela bure.

Kikubwa ni muda. Hesabu mwenyewe mdogo wako anaamka mara ngapi kwenda kutafuta. Anayekunywa methadoni anaamka asubuhi, anapanda daladala, anakunywa kikombe chake mbele ya nesi, anaondoka. Saa mbili au tatu asubuhi mambo ya dawa yamekwisha kwa siku ile. Saa zinazobaki ni za kazi. Fundi wa kuchomelea mwenye saa hizo anaweza kurudi kuwa fundi.

Si kitu kipya wala cha majaribio. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na sasa iko Mbeya, Mwanza, Dodoma na mikoa mingine. Kwa wasomaji wangu wa Zanzibar, iko hospitali ya Kidongo Chekundu. Wakenya walianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Na hapa kwetu haiuzwi. Kwenye kliniki za serikali ni bure.

Nikueleze itakavyokuwa, ili asikatishwe tamaa na wiki ya kwanza. Atahojiwa, atapimwa mkojo kuthibitisha anatumia nini, atapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu. Dozi ya kwanza ni ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, kwa sababu hakuna anayejua mwili wake utaipokeaje. Itapandishwa kidogo kidogo. Kwa hiyo siku za mwanzo atakuja nyumbani akilalamika “haishiki”, na atakuwa anasema kweli. Hapo ndipo kishawishi kinapokuja cha kuongezea kete, gongo au valiamu. Hapo ndipo pa kumkalia karibu kuliko siku zote. Wiki mbili za mwanzo wa methadoni, kwa anayechanganya, ni za hatari. Akilalamika, alalamike kwa daktari, aongezewe kwa mpango.

Ina kero zake. Itamfunga choo, itamtoa jasho, na, hasa mwanzoni, kila siku ya Mungu lazima aende, Jumapili, Idi, mvua inyeshe. Akikosa siku tatu au zaidi, asiende akaomba dozi yake ya zamani. Lazima apimwe upya na kuanzia chini, sababu ni ile ile ya chumba cha uani. Mkipata msiba mkoani mseme kliniki mapema, wapange atanywea wapi. Na vipimo vikionyesha ana kifua kikuu, au akianzishiwa dawa za kufubaza virusi, kila kliniki ijue ya mwenzake. Rifampisini ya kifua kikuu, na efavirenzi kwenye dawa za virusi, huishusha methadoni mwilini. Atarudi kwenye arosto akiwa anakunywa dozi yake kila siku, ninyi mtadhani anadanganya.

Ataitumia mpaka lini? Mwaka mmoja ni kidogo. Wengi huhitaji miaka kadhaa, wengine zaidi, na wanaoacha hupunguza taratibu sana kwa makubaliano na daktari. Mama atasikitika kusikia hivi. Muulize kama angesikitika hivyo hivyo kwa mtoto anayekunywa dawa ya presha kila asubuhi.

Sasa gongo na valiamu. Hili ulilitaja mwishoni kama jambo dogo, mimi limenishtua kuliko sindano. Kwanza, vitu hivyo viwili vikikutana na unga au methadoni vinakandamiza pumzi kwa pamoja. Watu wengi wanaokufa kwa kuzidiwa wamechanganya. Pili, kama amekuwa akinywa gongo au kumeza vidonge kila siku, kuviacha ghafla si sawa na kuacha unga. Nimesema arosto ya unga ni nadra kuua. Ya pombe na valiamu inaweza kuua: mikono inatetemeka, na katika siku zinazofuata mtu anaweza kupata degedege, akaweweseka, akaona wadudu ukutani. Lazima daktari aambiwe anakunywa kiasi gani na mara ngapi kwa wiki, avishushe kwa mpango.

Na hapa niwageukie kina mama wengine mnaoniandikia kuhusu waume wa pombe. Kama mzee anahitaji glasi asubuhi mikono itulie ndipo aweze kufunga vifungo vya shati, msimlazimishe kuacha siku moja nyumbani, hata kama kaapa mbele ya mchungaji au sheikh. Mpelekeni hospitali, aachishwe kwa dawa, apewe na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa imemwishia na akiikosa ubongo unaharibika. Nadhiri ataiweka akiwa wodini.  

Kiwanja cha Chanika msiuze. Angalau si sasa. Jaribuni kwanza kisicholipiwa. Simaanishi soba hausi ni mbaya. Wapo watu wamepona humo, na kuna nguvu kubwa mtu anapoongozwa na mwenzake aliyewahi kulala maskani. Hadithi za daktari na za mama hazimwingii kama za huyo. Lakini nyumba hizi hazifanani. Kabla hamjatoa senti, nenda mwenyewe bila kutangaza. Uliza kama imesajiliwa, nani muuguzi, usiku wa arosto wanampa nini mtu. Uliza kama anaruhusiwa kuondoka akitaka. Omba kuona wanapolala. Ukikuta mnyororo, au fimbo imeegeshwa mlangoni, au wanakwambia ndugu haruhusiwi kumwona mgonjwa miezi mitatu, geuza. Na anayetaka hela ya miezi sita kwa mkupuo, halafu hana jibu ukimuuliza mtoto akitoka atafuatiliwa vipi, huyo ana biashara. Hata nyumba nzuri kabisa itamtoa akiwa na ule mwili mgeni niliokueleza, kwa hiyo mipango ya siku ya kutoka ni muhimu sawa na ya kuingia.

Umeuliza kama wewe ndiye unayemuua. Hapana. Elfu tatu hiyo ungeinyima, angeitafuta kwingine kwa njia mbaya zaidi, nawe ulijua hivyo. Lakini haiwezi kuendelea, na madeni ya mama pia hayawezi kuendelea, kwa sababu muuzaji akishajua mama hulipa, humkopesha mtoto bila kikomo. Acheni vyote viwili siku moja, mkiwa mmeshapata nafasi kliniki, na mmwambie kabla. Si kwa hasira. Kaeni naye, wewe na mama, mwambieni: tangu siku utakayoanza dawa, hela mkononi hakuna, madeni hatulipi, nauli ya kwenda Temeke na kurudi ipo kila siku na chakula kipo. Ile elfu tatu sasa ina kazi nyingine. Nauli mpe wa kumsindikiza, angalau mwezi wa kwanza.

Na wa kumsindikiza unaye. Mjomba. Mzee aliyekuwa tayari kulinda mlango wiki nzima ana muda na ana nia. Mwombe kwa heshima awe anampeleka asubuhi. Usimwambie alikosea. Mwambie mtoto anamwogopa yeye kuliko ninyi wanawake, jambo ambalo nadhani ni kweli.

Kumfukuza, la. Mtu aliye nyumbani anaonekana, anakula, na siku akisema “nimechoka” kuna wa kumsikia. Ila wekeni mipaka inayoshikika. Mtungi wa gesi na simu vikae chumbani kwako na kufuli. Sindano zisikanyage nyumba yenye watoto. Nitasema na hili, najua kuna watakaonilaumu: mpaka siku atakapoanza dawa, kama anajidunga, ajidunge na bomba lake jipya la sindano asilochangia na mtu, na asiwe peke yake. Nikimkataza tu hataacha, ila akichangia bomba ataleta virusi na homa ya ini C juu ya matatizo aliyo nayo. Lililotumika alitie kwenye chupa ngumu ya plastiki na kuifunga.

Kuanza kwenyewe kusiwe kwa kumvizia. Akiwa kwenye arosto atakubali lolote na hatakumbuka. Akiwa anasinzia hasikii. Ngoja ile saa ya katikati, akiwa ametulia na macho yamefunguka, saa ambayo hukwambia amechoka. Usimhubirie. Mwambie, “Ulisema umechoka. Kesho twende tukaulize tu.” Mwombe kijana wa jirani aende nanyi. Huyo atamweleza mambo ambayo mimi na wewe hatuyajui: foleni ikoje, wiki ya kwanza inauma wapi, nesi gani mkali. Mkifika kliniki ya methadoni Temeke ulizeni utaratibu wa kuandikishwa. Mara nyingi kuna vikundi vinavyopita maskani ambavyo huwaandaa waraibu kabla, na wenye kliniki watakuelekeza kwa kikundi cha upande wenu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Walioko Kenya wana 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Akibadili mawazo mlangoni msimvute. Rudini naye nyumbani, mjaribu tena wiki ile ile.

Atateleza. Nakwambia mapema ili siku hiyo usije ukakusanya nguo zake ukazitupa nje. Akikutwa na unga kwenye mkojo baada ya miezi mitatu, maana yake dozi iangaliwe, au kuna jambo limemkuta, au alipita mtaa asiotakiwa kupita. Asiache kwenda kliniki kwa aibu.

Mchumba wako ana haki ya kuogopa, na wewe una haki ya kuolewa. Mkaribisheni siku moja mezani, umweleze mpango huu wote, umwache afikirie. Ila usimnunulie ndoa kwa kumlaza mdogo wako mtaroni; hutakaa kwa amani kwenye nyumba hiyo hata mwaka. Na tafuta mtu wa kuzungumza naye wewe mwenyewe. Kliniki nyingi zina washauri wanaokaa na ndugu pia. Barua yako ina watu wengi ndani, lakini sijaona mahali ulipolala usingizi.

Limebaki la Ramadhani. Mwambie mama mgonjwa ameruhusiwa kula na kuzilipa siku zake baadaye, na asiyeweza kuzilipa ana fidia; hilo mwende kwa sheikh wa msikiti wenu, akaelezwe kwamba mtoto yuko kwenye matibabu ya kila siku. Na mkamweleze daktari wa kliniki kwamba kijana angependa kufunga, wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, aseme kama saa ya kunywa dawa inaweza kusogezwa. Asije akaamua peke yake kuiacha mchana ili aonekane kafunga, kisha akaipitisha siku tatu.